Kafeel Alipanda Ndege

Karavani ilikuwa na vitanda vinne, jiko dogo la gesi, choo kisichozidi kabati kwa ukubwa, na kiti kimoja cha dirishani ambacho hakuna aliyekikalia isipokuwa Bi Zuwena. Wenyewe waliiita karavani ingawa haikuvutwa na gari lingine. Ilijiendesha kama basi. Kuanzia Novemba hadi Machi ilikaa kambini, kwenye mchanga wa upande wa Al Aweer nje ya Dubai, na familia ikawa inalala huko kila mwisho wa juma kwa ajili ya baridi na moto wa kuni. Joto likianza, ilirudishwa nyumbani Al Khawaneej na kuegeshwa uani kando ya tangi la maji. Ikifika Julai, ilipakiwa upya ikashika njia ya Salala, kusini kabisa mwa Omani, ambako wakati huo wa mwaka manyunyu hunyesha mchana kutwa na watu wa Ghuba nzima huenda kulikimbia jua. Mtu mwenye haraka angeimaliza safari hiyo kwa siku moja na kipande. Wao walitumia siku nne na kulala njiani mara tatu, kwa sababu Bi Zuwena hakuweza kukaa garini zaidi ya saa tatu kwa siku, na ndege alikwisha kuikataa tangu siku aliyofungua mkanda angani akitaka kushuka.

Jecinta, mwenyeji wa Mwingi kule Ukambani, alikuwa akisafiri humo kwa mwaka wa tano. Vyombo vilikuwa kazi ya mwingine, na nguo za watoto pia. Kazi yake yeye ilikuwa Bi Zuwena.

Bibi huyu alizaliwa Unguja, akaletwa Dubai akiwa bi harusi, na mumewe akafungua duka la viungo Al Ras. Watoto wake aliwalea kwa Kiarabu kitupu, kwa makusudi, wasije wakachekwa shuleni. Ndiyo maana Sir Khalfan, mwanawe mkubwa, mtu mzima mwenye mvi, Kiswahili chake chote kilikuwa maneno matatu: maji, njoo na lala. Hilo halikuwa na shida yoyote mpaka miaka miwili iliyopita, Kiarabu kilipoanza kumtoka mama yake. Yalianza majina ya vitu vya jikoni, zikafuata zile salamu ndefu. Kisha ikaja asubuhi moja ambapo alimsikiliza mkwewe akizungumza kwa muda, akamgeukia Jecinta.

"Huyu mwanamke anasema nini?"

"Anauliza kama umelala salama, Bibi."

"Mwambie nimelala. Na mwambie apunguze sauti, si kiziwi miye."

Tangu siku hiyo kila kitu kilipita kwa Jecinta. Bi Zuwena akiumwa, Jecinta ndiye aliyejua ni wapi. Daktari akija, Jecinta alisimama katikati. Bibi hakumshukuru sana kwa hilo. Kiswahili cha Jecinta kilimkera.

"Wewe lugha hii umeiokota wapi?"

"Mwingi, Bibi."

"Basi warudishie wenyewe."

Lakini zaidi ya maneno kulikuwa na jambo jingine, na hilo lilimchukua Jecinta mwezi mzima wa kwanza kulijua. Kwao, mtu akisema ameshiba, sahani inaondolewa na mwenye nyumba anafurahi. Basi alipompelekea Bi Zuwena uji, na Bi Zuwena akasema, "Ahsante mwanangu, nimeshiba," aliuondoa uji. Alipompelekea maji akaambiwa, "Usijisumbue, nimekunywa," aliyarudisha jikoni. Bibi akawa anakonda. Siku moja akaja shoga yake kutoka Sharjah, mzee mwenzake wa Unguja, na Jecinta akaona namna ya kulisha watu wale. Yule mgeni hakuuliza. Alikaa, akaongea habari za msiba wa mtu fulani, akanywa yeye kwanza, akasukuma kikombe, akakataliwa, akaongea tena, akasukuma, akakataliwa, akalalamika kwamba anaona haya kunywa peke yake. Mara ya tatu Bi Zuwena alikishika kikombe kana kwamba ndiye anayemfanyia mwenziwe hisani, akakimaliza. Alilelewa hivyo. Binti wa watu hapokei mara ya kwanza. Kumbukumbu nyingine zote zilikuwa zikimwondoka, ila hiyo ilibaki imesimama, na vidonge vyake vya presha vilikuwa vya kukausha maji mwilini, na daktari alikuwa ameagiza kwa kidole juu: maji, maji, maji.

Kwa miaka mitano sasa Jecinta alikuwa akikaa, akiongea, akisukuma kikombe. Alifanya hivyo kama mtu anavyofunga vifungo vya shati, bila kufikiri.

*

Mwaka huu Sir Khalfan alikuwa na mkutano Muskati katikati ya juma lile lile la safari. Akasema atakwenda kwa ndege, akimaliza ataruka hadi Salala na kuwasubiri huko. Karavani ingeendeshwa na mdogo wake, Mansur. Madam, mke wa Sir, angekuwemo, pamoja na Muna, binti yao wa miaka kumi na sita, na Bi Zuwena na Jecinta.

Aliyeliona tatizo alikuwa Ibra, dereva wa nyumbani, Mganda wa Masaka ambaye hakuwa akisafiri na karavani hata kidogo. Kazi yake Julai ilikuwa kubaki na nyumba. Alikuwa anapanga madumu ya maji chini ya vitanda.

"Jecinta dada yangu. Kafeel wako anapanda ndege. Wewe unapanda gari. Ile karatasi yako ya Omani, yenyewe itapanda nini?"

"Karatasi iko kwa madam."

"Najua iko kwa madam. Nauliza imeandikwa unasafiri na nani."

Kafeel ni yule ambaye jina lake liko kwenye viza yako, na kafeel wake alikuwa Sir Khalfan, si Mansur wala madam. Miaka yote minne Sir alikuwa ameketi mbele pale, akitoa mkono dirishani na kukabidhi hati zote pamoja, na hakuna aliyewahi kuuliza kitu.

"Enda umwambie," Ibra alisema. "Ukiogopa, nitakuja kukuokota mpakani, lakini nitakucheka kutoka huko mpaka hapa."

Akamwendea madam, aliyekuwa akihesabu mashuka, simu ikiwa begani. Akamweleza kwa Kiarabu chake cha jikoni kwamba Sir hayumo, na karatasi yake inamtaka Sir. Madam alisikiliza nusu. "Nitamwambia Sir. Atalitengeneza, inshallah."

Jecinta akasema sawa. Siku mbili zilizofuata alitamani kuuliza tena, na mara zote mbili alifika mlangoni. Lakini mtu akishakwambia inshallah, ukimrudia ni kama unamwambia humwamini, au humwamini Mungu. Akarudi kukunja kanga za Bi Zuwena.

*

Usiku wa kwanza walilala Al Faqa, bado ndani ya ardhi ya Dubai, pembeni ya kituo cha mafuta chenye msikiti na duka la chai. Waliegesha mapema, jua likiwa bado juu. Mansur alitandika mkeka kivulini mwa gari, madam akaagiza chai ya maziwa, na Bi Zuwena akaketi kwenye kiti chake cha dirishani akiangalia malori.

"Tunakwenda wapi?"

"Salala, Bibi. Kwenye minazi."

"Na migomba?"

"Na migomba pia."

"Alhamdulillah." Akafikiri. "Na wewe unakuja?"

"Nakuja."

"Njoo basi, lakini usiseme na watu huko. Watadhani mimi ndiye niliyekufundisha."

Muna alicheka, akaomba atafsiriwe, akacheka tena. Kila mwaka walipofika Salala Bi Zuwena alikuwa mtu mwingine. Manyunyu yakimgusa usoni aliita majina ya mitaa, alidai madafu, alitembea. Madam alisema safari yote ilikuwa ya nini kama si ya hilo, na alikuwa akisema kweli.

Asubuhi walifika mpakani saa tatu na nusu. Mansur alikabidhi hati zote pamoja, kama alivyokuwa akimwona kaka yake akifanya. Baada ya muda aliitwa ndani, na madam naye akaitwa, na mwishowe Jecinta.

Ofisa hakuwa mtu mkali. Jecinta angependa awe mkali, kwa sababu mtu mkali hupoa. Huyu alikuwa mpole tangu mwanzo na alibaki mpole. Aligeuza karatasi ili wote waisome. Mfanyakazi anaingia akiandamana na kafeel wake. Kafeel yuko wapi?

"Amekwenda kwa ndege," Mansur alisema. "Ni kaka yangu. Jina ni moja, angalia."

"Naona. Lakini wewe siye."

Walimpigia Sir Muskati. Alituma picha ya kitambulisho, kisha ya hati ya kusafiria, na mwishowe akaongea na ofisa mwenyewe, na Jecinta akasikia sauti yake ndogo kwenye simu ikiomba, jambo ambalo hakuwahi kulisikia. Ofisa alimwita "kaka yangu" mara nyingi. Akasema mama ni mama wa wote, apite, wote wapite, na yeye atawaombea safari njema. Binti huyu arudi, aje na kafeel wake siku yoyote, mlango uko wazi.

"Khalas, imekwisha," Mansur alimwambia madam chini chini. Kurudi wote Dubai kulimaanisha kumrudisha Bi Zuwena garini saa nyingine tatu, kisha kuanza upya. Kubaki hapo hakukuwezekana. Nje kulikuwa nyuzi arobaini na sita. Madam alimtazama Jecinta, kwa mara ya kwanza asijue la kumwagiza.

"Sir alisema atalitengeneza," alisema. Kisha akasema, "Nilimwambia. Nadhani nilimwambia."

Walimpa nusu saa.

*

Nusu saa ile waliitumia mezani, ndani ya karavani, kiyoyozi kikinguruma. Muna alifungua daftari. Alikuwa binti mwenye bidii, wa kupata alama za juu, na alichukulia jambo lile kama mtihani. Jecinta alitaja, Muna akaandika kwa herufi za Kiarabu, akasoma kwa sauti, Jecinta akasahihisha.

"Naumwa."

"Na-umwa."

"Kichwa. Tumbo. Kifua. Akisema kifua, usisubiri, mwambie mama hapo hapo."

"Kifua," Muna aliandika, akapiga mstari chini yake.

"Haja. Akisema anataka kwenda haja, au anataka kutoka kidogo, ni choo. Hawezi kusema choo."

"Kwa nini?"

"Ana adabu. Baridi. Joto. Nina kiu. Nina njaa. Nimekunywa. Nimeshiba. Sitaki. Nimechoka."

Waliandika maneno arobaini na moja. Bi Zuwena aliwasikiliza akiwa kitini, na mara mbili alimsahihisha Muna matamshi kabla Jecinta hajafungua kinywa. Muna akafurahi, akambusu mkono. Jecinta alionyesha vidonge, cha asubuhi na cha jioni. Alionyesha jinsi ya kumshika chini ya kwapa na si mkononi. Muda uliobaki alijaribu kukumbuka alichosahau, na kadiri alivyojaribu ndivyo kichwa kilivyokuwa cheupe.

Mansur aligonga mlango.

"Unakwenda wapi?" Bi Zuwena aliuliza alipomwona anachukua begi.

"Hapo nje, Bibi."

"Usikawie."

"Sikawii."

Akashuka. Joto lilimpiga usoni, na alipogeuka karavani ilikuwa tayari inasogea, pazia la dirisha la Bi Zuwena likiwa limefungwa kwa ajili ya jua.

*

Ibra alifika baada ya saa mbili. Alimkuta kwenye benchi la kivulini, begi mapajani. Alikuwa ameahidi kumcheka mpaka nyumbani, lakini alipomwona alifungua tu mlango wa gari.

Walikwenda mpaka kituo cha kwanza cha mafuta. Ibra akaingia dukani, akatoka na sambusa mbili na maji baridi. "Kula, dada."

"Ahsante, nimeshiba."

"Sawa." Ibra akaiweka ya Jecinta juu ya yake, akaanza kuuma zote mbili pamoja.

Jecinta alimtazama akitafuna. Hakuwa ameshiba, hakuwa amekula tangu alfajiri. Alisema tu, na Ibra akapokea alivyoambiwa, kama mtu yeyote mwenye akili timamu angefanya. Ndipo alipolikumbuka daftari.

"Ibra. Sikumwambia."

"Hukumwambia nani?"

"Muna. Nimemwandikia nimeshiba. Nimemwandikia nimekunywa. Sikumwambia kwamba si kweli."

Ibra aliacha kutafuna. "Sasa kama si kweli umeandika za nini?"

Alimpigia Muna, hapatikani. Alimpigia madam; hapatikani. Alirekodi ujumbe wa sauti, akaufuta, akarekodi mwingine: Muna, habibti, Bibi akikataa maji usiyaondoe, mwambie tena, na tena, mara ya tatu atapokea. Ukaondoka ukabaki na alama moja ya kijivu. Mbele ya karavani kulikuwa na jangwa lile refu ambalo kila mwaka Muna alilalamika kwamba simu inakufa humo.

Sir alipokea simu saa kumi, akitoka kwenye mkutano. Jecinta alieleza, na kadiri alivyoeleza alijisikia akisema upuuzi.

"Jecinta," Sir alisema, si kwa hasira. "Mama akisema hataki, hataki. Tangu niko mtoto yuko hivyo, mkaidi."

"Anataka, sir. Anakataa kwa adabu."

"Adabu kwa nani? Ni wajukuu wake."

Jibu lilikuwepo, lakini kwa Kiarabu chake cha jikoni hakukuwa na njia ya kufika huko: kwamba mama yako haoni wajukuu, sir. Anaona watu wema wasiojua Kiswahili, waliomkaribisha kwenye gari lao, na hataki kuwachosha.

"Nitawaambia wakipata mtandao," Sir alisema. "Inshallah. Pumzika."

*

Nyumba ya Al Khawaneej ilikuwa tupu, fanicha zimefunikwa mashuka. Siku ya pili yake, mchana, ujumbe wa Muna uliingia. Sauti yake ilikuwa changamfu. Walikuwa wamelala kwenye kituo fulani kilichokuwa na taa nyingi, Bibi hana shida kabisa, ni mwepesi sana, hata mama ameshangaa. "Maneno yako yanafanya kazi, Jecinta. Jana mchana nimempa wali, amesema ahsante nimeshiba. Usiku ameshiba pia. Maji nimempa mara nne, amekunywa kidogo mara moja tu ya dawa, zile nyingine alisema nimekunywa. Naandika zote."

Jecinta alisimama katikati ya jikoni. Alipiga, na safari hii Muna akapokea.

"Umepata ujumbe wangu?"

"Nimepata sasa hivi. Nimefanya."

"Umefanyaje?"

"Nimemuuliza mara tatu, kama ulivyosema. Unataka maji? Hapana. Unataka maji? Hapana. Unataka maji? Hapana. Ya tatu alikasirika."

Jecinta alifumba macho. Akamwona Muna amesimama na daftari, glasi mkono mmoja, akiuliza kama askari wa usalama anavyoulizia mabegi mlangoni. "Usimuulize, habibti. Kaa naye."

"Nimekaa naye."

"Ongea naye kwanza."

"Niongee nini? Nina maneno arobaini na moja."

"Kunywa wewe, umwone yeye. Mwambie... mwambie unaona haya kunywa peke yako."

"Hilo ni la ngapi? Halimo."

Alimtajia neno kwa neno, Muna akaandika, akasoma, akakosea, na katikati ya kurudia ile mara ya pili simu ikakatika. Alimpigia tena. Alipiga mchana ule wote, akifua mapazia ya chumba cha Bi Zuwena ambayo hayakuwa machafu, simu ikiwa juu ya mashine ili aisikie ikitikisika. Ibra alikuja mlangoni, akaangalia, akaenda zake, akarudi.

"Niwashe gari?"

"Twende wapi, Ibra?"

"Sijui. Nimeuliza tu."

Wote wawili walikuwa na kafeel mmoja, na kafeel alikuwa Muskati.

*

Habari aliipata siku ya nne, kwa Sir mwenyewe. Alikuwa ameshafika Salala, na karavani pia, na Bi Zuwena alikuwa hospitali tangu asubuhi. Walipokuwa wakimteremsha, magoti yalimlegea, na midomo ilikuwa imepasuka. Upungufu wa maji, daktari alisema. Wamemtundikia dripu. Sir aliongea taratibu, kama anayesoma, kisha akasema, "Ulinieleza."

Jecinta alivuta kiti akakaa.

"Nakukatia tiketi. Ukija kwa ndege na mimi niko hapa uwanjani, nadhani watakubali. Nitauliza leo. Kaa tayari."

Akakaa tayari. Begi lilikuwa bado halijafunguliwa tangu mpakani. Aliongeza kanga mbili za Bibi na mafuta yale ya nazi aliyopenda kupakwa miguuni. Ibra alipangusa gari ndani na nje na kuliegesha likielekea lango. Ile siku ikapita. Sir alisema ofisi zimefungwa, kesho. Kesho yake alisema anasubiri jibu la mtu. Bi Zuwena alikuwa hajambo kidogo, alisema, dripu inasaidia, lakini chakula hakigusi na maji ya kinywa hayataki, na kila mtu akimkaribia anamwambia kitu kirefu sana kwa sauti ya upole na hakuna anayekielewa.

"Niwekee simu sikioni mwake, sir."

"Amelala sasa."

Siku ya sita, baada ya adhuhuri, ujumbe wa Muna uliingia. Alikuwa akinong'ona, na nyuma yake palisikika vyombo vya wodini. Amekuja mama mmoja, alisema. Anaitwa Bi Raya, dada yake yuko kitanda cha jirani. Alizaliwa Pemba. Jana alimsikia Bibi akikataa maji, akainuka kwenye kiti chake, akamnyang'anya Muna glasi mkononi bila hata kusalimia. Akakaa kitandani. "Wameongea saa nzima, Jecinta. Sijui wameongea nini. Bi Raya alikunywa kwanza, kama ulivyosema. Bibi amekunywa glasi mbili. Leo amekula ndizi. Bi Raya ameniambia kwa Kiarabu kwamba mimi nililelewa porini."

Jecinta aliusikiliza ujumbe ule mara tatu, amekaa ukingoni mwa kitanda cha Bi Zuwena. Alishukuru, kwa sauti, kwa Kikamba. Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Ibra aliyekuwa dirishani aliuliza kama kuna msiba, akaambiwa hapana, amekunywa maji, naye akainua mikono yote miwili na kuelekea jikoni kupika chai.

Sir alipiga jioni. Sauti yake ilikuwa imerudi kuwa ya kawaida. Bi Raya amekubali kuja kila siku, hata baada ya hospitali. Anakaa karibu na shamba walilopanga. Kwa hiyo Jecinta asiwe na wasiwasi tena. Suala la karatasi lina usumbufu mwingi kipindi hiki, watu wote wa Ghuba wako njiani, na wao wenyewe watarudi katikati ya Septemba. Mwakani litatengenezwa mapema, inshallah.

"Sawa, sir."

"Pumzika huko. Na umkumbushe Ibra miti ya nyuma, asisahau kuimwagilia."

"Nitamkumbusha. Sir, ningeomba nimsalimie Bibi."

Kukawa na mwendo wa viatu sakafuni, mlango, sauti za watu. Kisha pumzi ile anayoijua, karibu kabisa na sikio.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

"Jecinta, Bibi."

Bi Zuwena alikuwa anatafuta, Jecinta alimsikia anatafuta.

"Uko wapi wewe?"

"Niko Dubai."

"Dubai," Bi Zuwena alisema, kwa adabu, kama mtu anayetajiwa mji ambao amewahi kuusikia. "Mbali. Haya mwanangu, ahsante kwa kunipigia. Wasalimie huko."

Hakukata simu, hakujua kuikata. Iliwekwa mahali, juu ya shuka labda, na Jecinta akaendelea kusikia chumba kile. Sauti ya mwanamke asiyemjua, nene, ya Kipemba, ilikuwa inasimulia habari za harusi moja iliyoharibika kwa mvua. Bi Zuwena alicheka. Yule mwanamke akasema, "Tena kidogo, Bi Zuwena, usiniache peke yangu," na Bi Zuwena akasema ametosheka, na yule mwanamke akaendelea na harusi yake. Jecinta alisikiliza, simu ameibana sikioni, mpaka mtu wa upande wa pili alipokuja kuichukua.